Bidoni ya maziwa: juu ya wale wanaopanda mlima peke yao



Juma lililopita mmoja wetu alitupa video katika grupe ya promosio. Mtu mmoja, koti nyekundu, anatembea juu ya mlima uliojaa theluji. Hana mwenzake, hana mbebaji, hana mtu wa kumshikia kamba. Upepo unavuma mpaka sauti yake haisikiki. Mukacheka sana. Mmoja aliandika: «Huyu njala ingemushika angebakia kwake.» Mwingine: «Franga ikizidi, mutu anaanza kutafuta kifo.»

Mimi sikuandika kitu siku ile. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaelezea kama yule mtu si mwenda wazimu. Na tena kama mimi mwenyewe, agronomu wenu wa Masisi, nilishafanya mchezo kama ule, bila theluji, na ilibaki kidogo tu nisirudi. Leo nimepata muda, basi tuongee.

Siku tatu juu ya kilima

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kumaliza lisansi. Memwari yangu ilikuwa juu ya malisho ya Masisi. Nilikuwa nabeba kadre ya mbao ya mita moja kwa moja, naiweka chini, nakata majani yote yaliyo ndani, napima uzito, naandika. Kesho yake fasi nyingine. Kazi ya kuchosha, lakini niliipenda. Milima ile inapita mita 2000, ng'ombe wanasimama kwenye mteremko kama vile wamebandikwa, na asubuhi anga likiwa safi unaona volkano zimepangwa upande wa mashariki: Nyamulagira, Nyiragongo, Mikeno, Karisimbi.

Kisha memwari ikaisha, na kazi hakuna. Nikarudi Goma kwa yaya wangu. Vyumba viwili, watu kumi na mmoja. Kila asubuhi mtu mmoja anauliza: «Na kazi, bado?» Hawakuwa wabaya, walikuwa wananipenda. Lakini baada ya miezi minane sikuweza tena kusikia sauti ya mtu. Hata mtoto akicheka nilikuwa nakasirika. Siku moja ya mwezi wa Oktoba nikapanda moto hadi Mushaki, kisha nikaendelea kwa miguu. Nilikuwa najua kibanda kimoja cha mianzi fasi nilikuwa nalalaga wakati wa memwari, karibu mita 2500, mbali na njia. Telefoni nikaizima. Niliaga nani? Hakuna.

Nisiwadanganye: siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Naamka, nawasha moto, nachoma viazi, naangalia ukungu unavyopanda kutoka bondeni. Hakuna mtu ananiuliza kitu. Kila nilichofanya kilikuwa na maana moja tu: kuni ni kwa moto, maji ni kwa kunywa. Kichwa kilichokuwa kimejaa kelele miezi minane kikatulia ndani ya siku moja. Njo pale nilielewa wale watu wa theluji, kabla hata sijasoma juu yao.

Siku ya tatu nilienda kutafuta kuni mbali kidogo. Saa nane za mchana ukungu ukashuka, nyuma yake mvua ya mawe. Nikalowana mpaka shati la ndani. Nikakosa njia. Nilitembea, nikatetemeka, nikatembea tena, mpaka kutetemeka kukaisha. Nikajisemea: haya, mwili umezoea. Nikaketi chini ya mwamba. Nilikuwa nasikia joto nzuri, nikaanza kufungua koti.

Mzee mmoja mchunga ng'ombe, aliyekuwa anatafuta ndama, alinikuta nimeketi vile. Aliniburuta hadi kwake, akanivua nguo zote za maji, akanifunga blanketi mbili, akanilaza karibu na moto, kisha akaanza kuninywesha maziwa ya moto kidogo kidogo. Niliporudia akili aliniuliza neno moja:

«Mutoto wangu, nani anajua kama uko huku?»

Nikamjibu: «Hakuna mutu, Muzee.»

Akaangalia moto muda mrefu. «Basi ulikuwa umeshakufa. Wenzako njo habayajua tu.»

Hesabu ya baridi

Tuache hadithi kidogo, tufanye hesabu, kwa sababu wengi wetu tunafikiri baridi ya kuua iko Ulaya tu.

Ukipanda mita 1000, joto linapungua karibu digri 6 na nusu. Goma iko karibu mita 1500. Kilele cha Karisimbi kiko mita 4507. Tofauti ni mita 3000 hivi, maana yake karibu digri 20. Siku ambayo Goma mnatembea na shati kwenye digri 20, kule juu ni karibu sifuri, mchana. Jina lenyewe la Karisimbi linatoka kwenye isimbi, yule kauri mweupe, juu ya theluji inayoonekanaga pale kileleni mara moja moja. Sisi hatuna miezi ya baridi kama Wazungu. Kwenye milima yetu mirefu baridi inafika kila jioni na kuondoka kila asubuhi.

Mimea ya kule imejifunza. Panda Ruwenzori au Virunga, utakuta senesio kubwa, mti wenye kichwa kama kabichi. Majani yake yakifa hayaanguki, yanabakia yamezunguka shina kama koti. Usiku majani mabichi yanajifunga juu ya chipukizi la katikati ili lisigande, asubuhi yanafunguka tena. Mmea umeshakaa na koti lake. Mtu analazimika kulibeba.

Sasa mwili wetu. Kawaida uko digri 37. Ukishuka chini ya 35, unatetemeka, vidole havisikii, maneno yanakuwa mazito. Ukishuka hadi karibu 32, kutetemeka kunaisha, na akili inaanza kudanganya. Watu wengine pale wanajisikia joto na kuvua nguo. Ndiyo ile ilinipata mimi. Na haihitaji barafu: digri 8 au 10, nguo iliyolowana na upepo, vinatosha. Nguo ya maji inakunyang'anya joto haraka kupita nguo kavu. Wanaochunga ng'ombe wa Masisi wanajua hilo, ndiyo maana hata mchana wa jua unawaona na koti refu na mabote.

Kwenye milima ya Alpi au Alaska wakati wa baridi, ongeza mambo matatu. Mchana ni mfupi sana. Theluji inafunika nyufa za barafu zenye kina cha kumeza nyumba, unatembea juu bila kuona. Na kawaida watu wanajifunga kamba moja, mmoja akitumbukia wengine wanamvuta. Aliye peke yake, akitumbukia, nani atamvuta?

Wanatafuta nini?

Nilirudi Goma na hilo swali, nikaanza kusoma. Wawili walinishika.

Wa kwanza ni Walter Bonatti, Mwitalia. Mwaka 1954 alikuwa kijana katika msafara mkubwa wa Italia kwenye K2, mlima wa pili kwa urefu duniani. Alipewa kazi ya kupandisha chupa za oksijeni pamoja na mbebaji mmoja wa Pakistani, Amir Mahdi. Walipofika jioni, hema la wenzao halikuwa pale walipokubaliana. Wakalala nje, bila hema, kwenye mita 8100 hivi. Bonatti alitoka mzima. Mahdi alikatwa vidole vya miguu. Kesho yake wenzao walifika kileleni na oksijeni ile ile. Bonatti alibeba uchungu huo maisha yote. Mwaka uliofuata alipanda peke yake nguzo ya Dru, huko Ufaransa, siku sita kwenye ukuta wa mwamba. Na Februari 1965, katikati ya baridi, alipanda peke yake uso wa kaskazini wa Matterhorn kwa njia mpya. Baada ya pale aliacha milima ya hatari, akawa mwandishi wa habari.

Musome vizuri hapo. Yule mtu alienda peke yake kwa sababu watu walimwumiza. Mlima haukusemi nyuma. Mlima hauhamishi hema ili usilione. Ukikosea, kosa ni lako, unalijua palepale. Kwa mtu aliyeumizwa, hiyo ni dawa.

Wa pili ni Naomi Uemura, Mjapani. Huyu alishafika kwetu Afrika Mashariki: mwaka 1966 alipanda Kilimanjaro peke yake. Mwaka 1978 alifika Ncha ya Kaskazini peke yake na mbwa wa kuvuta sleji. Mwanzo wa mwaka 1984 akaenda Alaska kupanda Denali, mita 6190, peke yake, wakati wa baridi. Mnajua alivyojilinda na zile nyufa? Alijifunga mianzi mirefu mwilini, ili akitumbukia mianzi ishike kingo mbili. Mianzi, kama ile tunayojengea vibanda Masisi! Tarehe 12 Februari 1984, siku aliyotimiza miaka 43, alifika kileleni. Kesho yake aliongea kwa redio na ndege iliyokuwa inamfuatilia. Tangu hapo hakuna aliyemwona. Walikuta vitu vyake na daftari lake ndani ya pango la theluji.

Uemura hakukimbia watu kama Bonatti. Watu waliomfahamu wanamsifu kwa upole na haya. Lakini ona: hata yeye alikuwa na redio, na ndege ilikuwa inamtafuta. Hakuna aliyekwenda mbali zaidi yake kwa upweke, na bado kulikuwa na mtu aliyekuwa anangojea sauti yake.

Wale ambao hawaandikwi

Hata hapa kwetu kuna hadithi kama hizo. Januari 1967 Mmarekani Dian Fossey alipanda hadi Kabara, uwanda wa majani kati ya Mikeno na Karisimbi, upande wetu wa Kongo, kusoma maisha ya gorila. Rafiki aliyemsindikiza alipoondoka, yeye mwenyewe alieleza baadaye kama alishikwa na woga mpaka akashikilia nguzo ya hema asimkimbilie. Julai ya mwaka ule askari walimteremsha juu ya vurugu, na Septemba akaanza upya upande wa Rwanda, Karisoke. Dunia inamkumbuka kama mwanamke peke yake mlimani. Lakini kulikuwa pia na wenyeji waliobeba mizigo, waliokata kuni, waliomwonyesha nyayo za gorila. Upweke wake ulikuwa wa kweli, lugha ya wenyeji ilimpita. Ila kuni hazikujikata.

Na kuna jambo la Februari 1908. Mjiolojia Mjerumani Egon Kirschstein, wa msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipanda Karisimbi na wabebaji wake. Dhoruba ya mawe na theluji ikawakuta. Wabebaji walikuwa na nguo nyepesi za watu wa chini. Waliketi kwenye theluji, hawakuamka. Wakafa 20.

Nikisoma pale nakumbuka mwamba wangu. Najua waliketi kwa nini. Haikuwa uvivu wala uoga. Mwili ulikuwa umewadanganya kama ulivyonidanganya. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikwenda kwa kutaka kwangu, wao walikuwa wamebeba mzigo wa mtu. Basi tukisifu wanaopanda, tuulize pia nani alibeba.

Mwindo alishafika huko

Wenzangu wa Walikale, musidhani nimewasahau. Ninyi mko na hadithi ya zamani kuliko hao wote.

Mwaka 1956 mtaalamu Daniel Biebuyck aliandika kutoka kinywani mwa mzee Shekarisi Rureke hadithi kubwa ya Wanyanga, ya Mwindo. Mwaka 1969 akaitoa kitabu pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa nyumbani. Wengi tunajua Mwindo wa vita, aliyezaliwa anatembea, aliyemshinda baba yake. Tunasahau mwisho. Mwindo, alipokuwa amemaliza kila adui, aliua Kirimu, lile joka la msituni. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba akashuka, akamchukua Mwindo, akampandisha mbinguni. Kule hakuna nyumba. Kuna baridi na upepo wa kukata, kuna mvua, kuna mwezi, jua na nyota, kila mmoja anamwonyesha nguvu zake na kumkemea. Mwaka mzima. Shujaa aliyekuwa anajisifu kila siku, pale hana la kusema. Akakatazwa kuua tena wanyama.

Kisha anarudishwa. Na akifika, kitu anachofanya ni kukusanya watu wake, kuwaeleza aliyoyaona na kuwapa sheria za kuishi pamoja.

Ningekuwa mwalimu wa fasihi ningesema mengi. Mimi ni wa majani na udongo. Naona tu kwamba wazee wa msitu, waliokaa chini kabisa kwenye joto la Walikale, walijua habari ya mtu peke yake kwenye baridi ya juu. Walijua inapunguza kiburi. Na hawakumwacha kule. Hadithi inaisha nyumbani.

Bidoni

Sasa nirudi kwa yule Mzee, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha.

Nilikaa kwake siku nne. Aliishi pale peke yake majuma matatu kwa majuma matatu, na ng'ombe thelathini za mtu mwingine. Nilimwuliza kama upweke haumsumbui. Akacheka, akanionyesha bidoni za maziwa.

Kila asubuhi kijana mmoja alikuwa anapanda, anabeba bidoni, anashuka nazo fasi wanapotengenezea fromaji, ile mnayokula Goma. Mzee na yule kijana walikuwa wanaongea labda dakika mbili. «Bidoni ikikosa kushuka mara moja,» akaniambia, «mangaribi batu bako hapa. Mi niko peke, lakini siko mupotevu.»

Mi niko peke, lakini siko mupotevu. Nimelizungusha neno hili kichwani miaka sasa. Mtu wa theluji na redio yake. Fossey na wenyeji wake. Mzee na bidoni. Wote wana kamba fulani isiyoonekana, na upweke wao ni mtamu kwa sababu kamba iko. Mimi nilipanda bila bidoni. Kwa hiyo siwezi kusema nilikuwa nafanya kitu kimoja na wao, hata kama mlima ulikuwa mlima. Wao walienda kutafuta kitu cha kurudi nacho. Mimi, nikisema ukweli, sikuwa nimepanga kurudi wala kutorudi. Nilitaka tu nisiwepo kidogo. Tofauti hiyo kwa macho haionekani, na ndiyo inayoua.

Kile kilima sikifiki tena. Vita vimepita pale mara nyingi, ng'ombe wamechukuliwa, kibanda hakipo. Habari ya mwisho niliyopata ya Mzee ililetwa na motari: alivuka Nyabiondo kwenda upande wa Kashebere, na ng'ombe nne. Wengi wenu mnaosoma hapa mmelala chini ya bashi watu wanane, na mtu akiwaambia upweke ni kitu cha kutamani mtamwona anawatukana. Nawaelewa. Kukaa peke kwa kuchagua ni mali ya mwenye nyumba ya kurudia. Na bado ndani ya ile bashi ya watu wanane kuna kijana ambaye ndani ya roho yake yuko mita 2500, amelowana, na ameacha kutetemeka. Anajibu vizuri, anacheka kwa meza. Musidanganywe.

Njo maana mwaka juzi sisi wa promosio yetu tulianza kitu kidogo. Kila Jumapili jioni kila mtu anaandika neno moja katika grupe. Hata «niko» inatosha. Asiyejibu hadi Jumatatu mangaribi, wawili wanaokaa karibu naye wanaenda. Wengine walisema ni utoto. Miezi mitatu baadaye mmoja wetu hakuandika. Tulienda wawili, tukagonga, mlango haukufunguka, jirani akasema hajamwona siku nne. Tukasukuma. Alikuwa kitandani, malaria na mambo mengine ambayo si yangu kuyasema hapa. Leo yuko, anafundisha, na ndiye anayekuwa wa kwanza kuandika kila Jumapili.

Anayetaka kupanda, apande. Kimya cha kule juu ni kizuri, sitakikana kamwe. Abebe koti kavu, ageuke ukungu ukianza kushuka, na kabla ya yote aseme kwa mtu mmoja: nakwenda fasi fulani, narudi siku fulani.

Na wewe unayesoma hii usiku huu, bidoni yako ikikosa kushuka kesho asubuhi, nani atapanda kukuangalia? Kama hujui, andika jina lako hapo chini. Tutapanga.